Kaimu, Akida na Amri ya Niaba

Katika kutafuta istilahi za kompyuta, mara nyingi twatazama kwanza kamusi za kigeni na kuzisahau ofisi zetu wenyewe. Mfano mmoja ni amri iitwayo sudo katika mfumo wa Unix, ambayo humwezesha mtumiaji wa kawaida kutekeleza kazi aliyowekewa mkuu wa mfumo peke yake. Dhana hii si ngeni kwetu. Historia ya utawala, hata ile ya milima ya Usambara, imekwisha kuipatia maneno.

Aishiye Kifungilo, karibu na Lushoto, yumo katika nchi iliyotawaliwa zamani kutoka Vuga. Kimweri ye Nyumbai aliwaweka wanawe kuwa wakuu wa sehemu mbalimbali. Alipofariki mwaka 1862, jamaa zake wakapigana. Wajerumani walimnyonga Mputa wa Vuga mwaka 1895, na Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Katika sehemu nyingi za koloni walitawala kwa maakida. Neno akida, lenye asili ya Kiarabu, pwani lilikuwa la kiongozi wa askari; sasa likawa la mtumishi aliyewekwa juu ya majumbe, akikusanya kodi na kukata kesi ndogo. Mwanakijiji alikuwa na njia gani ya kujua amri ipi ni ya serikali na ipi ni ya akida mwenyewe?

Swali hilohilo limo katika Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani. Tangu mwaka 1971 ulikuwa na amri ya su. Mwenye kuitumia hutoa neno la siri la mkuu, naye huwa ndiye mkuu mpaka atoke. Wakiwa watu watano wanaolijua neno hilo, ni vigumu kumtambua aliyefuta jalada. Mnamo mwaka 1980 Bob Coggeshall na Cliff Spencer, huko Buffalo, waliandika sudo. Kwa kawaida ya siku hizi, mtumiaji hutoa neno la siri lake mwenyewe. Daftari maalumu hueleza nani ameruhusiwa amri zipi. Na jina lake huwekwa katika kumbukumbu pamoja na amri aliyoitoa.

Mtumishi wa serikali aijua tofauti hii bila kufundishwa. Kaimu hukalia kiti, na mambo yote ya kiti humwelekea. Atiaye sahihi chini ya herufi "k.n.y." hutenda jambo moja kwa niaba ya mkubwa wake, na jina lake husomeka. Kwa hiyo twapendekeza su iwe "kukaimu", na sudo iwe "amri ya niaba". (Kaimu, ni kweli, huteuliwa kwa barua, wala hapewi kiti kwa kunong'onezwa neno la siri, lakini hatujaona neno lililo karibu zaidi.)

Wafasiri wengine humwita mkuu wa mfumo "mzizi", kwa kulifuata neno la Kiingereza. Hatuliafiki. Mzizi ni chanzo cha mti wa majalada, na hapo lafaa; mwenye mamlaka na aitwe "mtumiaji mkuu". Daftari nalo liitwe "daftari la idhini". Walimu wa somo hili waeleze pia kwamba daftari linalomruhusu mtu amri zote humrudisha akida, ingawa jina lake limeandikwa.