Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Ukumbi wa kaskazini, palipo na kibla, umesimama kwa zaidi ya miaka 800. Mgeni akisogea karibu ataona vitundu vidogo kwenye jiwe: ni matumbawe, yaliyochongwa yangali mabichi na laini, yakagandishwa kwa chokaa.

Dhahabu kutoka bandari ya Sofala ilipita hapa ikielekea Uarabuni na Bara Hindi, na utajiri ulioletwa na biashara hiyo unaonekana upande wa kusini wa msikiti. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua msikiti mwanzoni mwa karne ya 14. Matao na kuba nyingi zinazoonekana leo ni za ujenzi mpya wa karne iliyofuata. Kazi ya fahari kwelikweli! Msafiri Ibn Battuta, aliyefika 1331, aliusifu sana mji huu.

Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Tangu 1981 magofu haya ni Urithi wa Dunia wa UNESCO.