Mazingaombwe ya mezani: Sanaa ya kuwahadaa watu wazima kwa ridhaa yao

NENO mazingaombwe huwakumbusha wasomaji wengi mtu mmoja mwenye sanduku na vitambaa vya rangi, akiwaburudisha wanafunzi katika ukumbi wa shule. Hata hivyo, ipo aina nyingine ya sanaa hiyo isiyohitaji jukwaa wala pazia, na ambayo watazamaji wake ni watu wazima: mameneja, wanasheria, wafanyabiashara na wageni waalikwa katika hafla za makampuni.

Aina hiyo huitwa mazingaombwe ya mezani, au ya karibu, kwa sababu baina ya mtendaji na mtazamaji huwa kuna upana wa meza tu, na wakati mwingine hata meza haipo. Vifaa vyake ni vile ambavyo kila mtu anavijua: karata, sarafu, noti, pete, vikombe na saa ya mkononi. Aghalabu vifaa hivyo huazimwa kwa mtazamaji mwenyewe, na mambo yenyewe hutendeka katika kiganja chake.

Ugumu wa sanaa hii hauko mikononi peke yake. Mtoto akihadaiwa hucheka, lakini mtu mzima akihadaiwa mbele ya wenzake aweza kujiona amedharauliwa. Ndiyo maana historia ya mazingaombwe ya mezani ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliotafuta namna ya kumhadaa mtu mzima bila ya kumvunjia heshima.

Kutoka tuhuma za uchawi hadi sebuleni

Mwaka 1584, Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft, akipinga mateso waliyokuwa wakipata watu waliotuhumiwa kwa uchawi. Katika sehemu moja ya kitabu hicho alieleza jinsi wafanyaji wa viinimacho walivyotumia wepesi wa mikono kuficha sarafu, vijipira na karata. Alitaka wasomaji wake waelewe kwamba jambo la kushangaza laweza kuwa kazi ya vidole na mazoezi, wala si ya mashetani. Hivyo kitabu kilichoandikwa kuwatetea watuhumiwa kikawa pia miongoni mwa maandiko ya awali ya Kiingereza kuhusu mbinu za sanaa hii.

Kwa karne nyingi baada ya hapo, kiinimacho kilibaki kuwa burudani ya magulio na barabarani. Mmoja wa waliokiingiza katika sebule za watu wenye hadhi alikuwa Johann Nepomuk Hofzinser (1806–1875), mtumishi wa serikali mjini Vienna, nchini Austria. Kuanzia mwaka 1857 alikuwa akiwapokea wageni wachache katika maonyesho aliyoyaita Saa Moja ya Udanganyifu. Jina hilo lilikuwa na uungwana ndani yake, kwani mgeni alijua tangu mlangoni kwamba atadanganywa, naye akaingia kwa hiari yake. Karata ndizo zilizokuwa chombo chake kikuu, na hadi leo anahesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa mazingaombwe ya karata.

Nchini Marekani sanaa hiyo ilipitia njia tofauti, yaani katika baa na migahawa. Max Malini (1873–1942), mhamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki aliyekulia New York, alijifunza kazi katika baa, kisha akaizunguka dunia akiwatumbuiza viongozi na matajiri. Kisa kinachosimuliwa zaidi kumhusu ni kile cha kumng'ata kifungo cha koti Seneta Mark Hanna mjini Washington, na kisha kukirudisha mahali pake kikiwa kizima. Sifa yake nyingine ilikuwa kuinua kofia mezani, wakati wa chakula, na kuwaonyesha wageni bonge la barafu ambalo hakuna aliyeliona likiingia.

Mjini Chicago, Matt Schulien alikuwa akienda meza hadi meza katika mgahawa wa familia yake. Mteja alichagua karata, ikarudishwa miongoni mwa nyingine, kisha Schulien akazirusha zote ukutani. Zote zilianguka isipokuwa ile iliyochaguliwa, ambayo ilibaki imebanwa ukutani kwa kipini. Wateja walirudi mgahawani kwa sababu ya chakula na vilevile kwa sababu ya mwenye mgahawa.

Mtu aliyebadili zaidi sura ya fani hii katika karne ya 20 ni Dai Vernon (1894–1992), mzaliwa wa Ottawa, Kanada. Mwaka 1922, mjini Chicago, alimwonyesha Harry Houdini karata iliyowekwa chini ya ile ya juu, nayo ikaonekana tena juu. Alirudia mara kadhaa, na Houdini, aliyekuwa akijitapa kwamba hakuna hila asiyoweza kuigundua akiiona mara tatu, alishindwa kueleza. Vernon alifundisha kwamba mikono iende kama inavyokwenda kila siku, kwani mwendo usio wa kawaida humzindua mtazamaji.

Vernon alitumia miaka yake ya mwisho katika jumba la Magic Castle huko Hollywood, lililofunguliwa Januari 1963 kama makao ya chama cha wanamazingaombwe. Jumba hilo lina chumba mahsusi cha maonyesho ya karibu chenye viti vichache tu. Wageni wa jioni hutakiwa kuwa watu wazima waliovaa rasmi, sharti linalowaonyesha kwamba wamealikwa katika jambo la heshima.

Kwa nini mtu mzima huhadaika

Wengi hudhani kwamba siri yote ni kasi ya mkono. René Lavand wa Argentina (1928–2015) aliupinga usemi huo kwa vitendo. Alipoteza mkono wake wa kulia katika ajali akiwa na umri wa miaka tisa, na kwa mkono wa kushoto pekee alizicheza karata polepole, akisimulia hadithi huku watazamaji wakiziangalia bila ya kuona kitu.

Utafiti wa kisayansi umeunga mkono yale ambayo mafundi waliyajua kwa uzoefu. Mwaka 2005, Gustav Kuhn na Benjamin Tatler walichapisha matokeo ya jaribio ambamo mwanamazingaombwe aliifanya sigara itoweke kwa kuiangusha tu mapajani, waziwazi mbele ya mtazamaji. Kifaa cha kufuatilia mwendo wa macho kilionyesha kwamba kuiona au kutoiona sigara ikianguka hakukutegemea mahali macho yalipokuwa yameelekea. Jicho laweza kuelekea kitu, na akili isikitambue.

Aidha, binadamu hufuata macho ya mwenzake. Mtendaji akiuangalia mkono wake wa kulia, mtazamaji huangalia huko. Akimuuliza swali, mtazamaji humtazama usoni na kuiacha mikono. Mazoea haya ya mazungumzo mtu mzima ameyazoea kiasi kwamba hayafikirii tena, na ndiyo yanayompa mtendaji nafasi.

Kuna pia suala la fikra. Juan Tamariz, bingwa wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1942, amefundisha kwamba mtazamaji hutafuta maelezo, kwa hiyo ni wajibu wa mtendaji kuziba kila njia ya maelezo kabla mtazamaji hajaifikia. Mtu mzima mwenye elimu hujenga nadharia haraka. Nadharia hiyo ikiwa si sahihi, elimu yake yenyewe humpeleka mbali na ukweli.

Ndani ya hafla ya kampuni

Katika hafla za makampuni kuna taratibu nne zilizozoeleka. Wa kwanza ni wa kuzunguka, ambapo wageni wamesimama na vinywaji vyao, na mtendaji hukiendea kikundi kimoja baada ya kingine kwa dakika chache. Wa pili ni wa meza hadi meza, baina ya chakula kimoja na kingine. Wa tatu ni onyesho fupi mbele ya wote baada ya chakula. Wa nne hutumika katika maonyesho ya biashara, ambapo mtendaji huukusanya umati mbele ya banda na kulisokota jina la bidhaa ndani ya maneno yake.

Utaratibu wa kuzunguka ndio mgumu kuliko yote. Mtendaji hana meza, amezungukwa pande zote, na muziki waweza kuyameza maneno yake. Kila alichonacho lazima kikae mifukoni, na kiwe tayari kutumika tena mara anapohamia kikundi kingine. Hurudia mambo yaleyale mara nyingi kwa usiku mmoja, na kila mara lazima yaonekane kana kwamba yametokea hapo kwa mara ya kwanza.

Hatua ya kwanza, ambayo watazamaji hawaihesabu, ni kuingia. Watu wanazungumza, na mgeni asiyejulikana anataka kuwakatiza. Watendaji wazoefu hukisoma kikundi kabla ya kusogea: walioinamiana wakizungumzia mkataba huachwa, na waliokwishachoka kwa salamu hukaribishwa. Hujitambulisha, huomba ruhusa, na wakikataliwa huondoka bila ya kununa.

Mwandalizi wa hafla naye ana wajibu wake. Onyesho halipaswi kugongana na hotuba wala na ugawaji wa chakula, taa zisizimwe kabisa, na mtendaji aelezwe mapema wageni ni akina nani. Mahali ambapo waalikwa wengi huzihusisha karata na kamari, ni busara kutumia pete, sarafu au karatasi.

Mipaka ya mzaha

Kazini kuna vyeo, na vyeo haviachwi mlangoni. Mkurugenzi akifanywa kichekesho mbele ya walio chini yake, watacheka usiku huo, lakini kesho yake kicheko hicho chaweza kumrudia aliyecheka zaidi. Karani mgeni naye hana uwezo wa kumkatalia mtendaji aliyeletwa na mwajiri. Kwa hiyo anayeombwa kushiriki hupewa nafasi ya kukataa, na akikubali, hupewa nafasi ya kushinda: karata yake ndiyo inayopatikana na mkono wake ndio unaofumbuliwa. Mwishoni yeye ndiye anayepigiwa makofi.

Kuchomoa saa au pochi bila ya mwenyewe kujua ni hila inayopendwa, lakini yataka uangalifu. Kumgusa mtu, hasa mwanamke, bila ya ridhaa ni kosa hata kama wote wanacheka. Kila kilichoazimwa hurudishwa palepale, mbele ya macho ya wote, tena kikiwa kizima.

Mjadala mkubwa zaidi unahusu wale wanaodai kusoma mawazo, aina inayovutia sana watu wazima. Mwingereza Derren Brown, aliyeanza kujulikana kupitia televisheni mwaka 2000, hukiri kwamba kazi yake huchanganya mazingaombwe, saikolojia na ufundi wa maonyesho, na hakuna nguvu zisizo za kawaida ndani yake. Wengine huwaacha watazamaji waamini watakavyo. Hatari yake ni dhahiri: aliyeamini usiku huo kwamba mawazo yaweza kusomwa ni rahisi kesho yake kumpelekea fedha tapeli atakayemwahidi kumtabiria biashara.

Tofauti na karata tatu

Mwaka 1902 kilichapishwa huko Chicago kitabu cha S. W. Erdnase, The Expert at the Card Table. Hadi leo haijathibitika mwandishi huyo alikuwa nani. Kitabu kinaeleza mbinu za kuchanga karata kwa hila mezani pa kamari, pamoja na mchezo wa karata tatu, ule ule ambao umewaliza wengi katika stendi za mabasi za miji ya Afrika Mashariki. Kitabu hichohicho kikawa msingi wa mafunzo ya wanamazingaombwe waungwana, Vernon akiwa miongoni mwao.

Mikono ya tapeli na ya mwanamazingaombwe yaweza basi kuwa imefunzwa na kurasa zilezile. Kinachowatenganisha ni makubaliano. Mchezaji wa karata tatu husema mchezo ni wa haki, wenzake wamejichanganya na umati wakijifanya washindi, na fedha hazirudi. Mwanamazingaombwe husema tangu mwanzo kwamba atakudanganya, kisha hukurudishia noti yako.

Makubaliano hayo yalijaribiwa upya mwaka 2020, janga la Uviko-19 lilipofunga kumbi. Watendaji wengi walihamishia hafla za makampuni katika mikutano ya video, ambako mtazamaji hakuweza tena kuzigusa karata wala kuchagua pa kuangalia. Baadhi yao walitafuta namna ya kumfanya mfanyakazi aliyeko nyumbani atumie karata au sarafu zake mwenyewe, ili jambo litokee mkononi mwake na asibaki na shaka kwamba amehadaiwa na kamera.

Simu za mkononi zenye kamera nazo zimeongeza ugumu, kwa kuwa mgeni aweza kulirekodi tendo na kulirudia polepole akiwa kwake. Hata hivyo, sanaa hii haijatoweka. Mjini New York, Steve Cohen amekuwa akiwatumbuiza wageni waliovaa rasmi katika kumbi ndogo za hoteli tangu mwanzoni mwa karne hii. Alifanya hivyo kwa miaka mingi katika Waldorf Astoria, na baada ya hoteli hiyo kufungwa kwa ukarabati mwaka 2017 akahamia Lotte New York Palace.

Watu wazima hawaendi huko kwa kukosa akili ya kujua kwamba kuna hila. Wanajua ipo, wanaitafuta, na wanafurahi wanaposhindwa kuiona, kwa sababu wana hakika kwamba aliyewashinda hana nia ya kuwadhuru. Hakika hiyo ndiyo mtaji wa mwanamazingaombwe, na akiipoteza kwa mzaha mmoja mbaya, wepesi wa vidole hautamrudishia.