Panya wa maabara na sumu ya risasi iliyowapata wakazi wa Owino Uhuru

WAKAZI wa kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, katika eneo lililokuwa chini ya jimbo la Changamwe hadi 2013, waliishi kwa miaka kadhaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kiwanda hicho kilichotoa madini ya risasi kilianza kazi 2007, kikafungwa 2014 baada ya kampeni iliyoongozwa na Bi Phyllis Omido. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Je, risasi huleta saratani? Sehemu kubwa ya jibu imetokana na panya.

Mwaka 1953 mtafiti H. U. Zollinger alieleza kwamba panya waliodungwa fosfeti ya risasi chini ya ngozi, tena na tena kwa miezi mingi, waliota uvimbe katika figo, na uvimbe mwingine ulikuwa wa saratani. Figo huchuja damu, kwa hivyo risasi hujikusanya humo. Seli zikifa, nyingine hulazimika kugawanyika ili kuziba pengo, na kila mgawanyiko una uwezekano wa kosa katika chembe za urithi.

Majaribio mengine yalitumia panya wadogo wa ukoo uitwao A. Hawa huota uvimbe wa mapafu hata wasipodungwa chochote, hivyo idadi ya uvimbe haina maana pasipo kundi la panya wa kulinganishwa nao. Waliodungwa chumvi ya risasi tumboni mara kwa mara walizidi wenzao kwa uvimbe. Jambo la kuvutia ni kuwa utafiti uliochapishwa 1984 ulionyesha kwamba magnesiamu ilipunguza athari hiyo.

Kwa kutegemea hasa ushahidi huo wa wanyama, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliorodhesha misombo isiyo ya kaboni ya risasi kuwa "pengine" husababisha saratani kwa binadamu. Ripoti hiyo ilitoka 2006.

Hata hivyo, panya hao hupewa dozi kubwa mno, na itakuwa makosa kwa mzazi wa Mikindani kuhofia uvimbe pekee. Madhara yaliyothibitishwa zaidi kwa watoto ni ya ubongo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) husema hakuna kiwango cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwezi Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo 2023, nayo Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 6, 2024.

Katika damu, risasi hupungua baada ya wiki kadhaa; katika mifupa hukaa miongo. Wakati wa ujauzito mifupa huiachilia tena, hivyo msichana aliyekulia kando ya kiwanda anaweza kumpitishia mwanawe risasi hiyo miaka mingi baada ya tanuri kuzimwa.