Kushindwa ni shule kwa wachezaji wa Counter-Strike

ASIYEKUBALI kushindwa si mshindani. Msemo huu unawafaa mno wapenzi wa Counter-Strike, mchezo wa kompyuta wa kulenga shabaha ambao huwakutanisha wapinzani kupitia intaneti.

Mchezo huo ulianza mwaka wa 1999, ukiwa nyongeza ya mchezo wa Half-Life iliyobuniwa na Minh Le na Jess Cliffe. Kampuni ya Valve ya Marekani iliutoa rasmi mwaka wa 2000, nalo toleo la Counter-Strike 2 likazinduliwa Septemba 2023.

Katika mashindano, timu mbili za wachezaji watano watano humenyana. Upande mmoja hujaribu kutega bomu, nao wa pili huzuia au hulitegua. Kwa kawaida, timu inayotangulia kushinda raundi 13 ndiyo huibuka na ushindi.

Chipukizi wengi hujifua dhidi ya wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta. Mazoezi hayo huzoesha mkono, lakini hayafunzi akili. Binadamu hujificha, hudanganya na hubadilisha mbinu. Ndiposa mchezaji hukomaa anapopambana na wanaomzidi kidogo.

La kwanza la kuzingatia ni kilengeo. Mwanagenzi hutembea akikielekeza chini, na adui anapochomoza hulazimika kukiinua kwanza. Mzoefu hukiweka kwenye kimo cha kichwa, mahali anapotarajia adui atokee. Risasi moja ya AK-47 kichwani humwangusha hata aliyevaa kofia ya chuma.

Pili, simama kabla ya kufyatua. Risasi za anayekimbia hutawanyika ovyo.

Tatu, tumia fedha za mchezo kwa busara. Kila mchezaji huanza na dola 800, ilhali AK-47 hugharimu dola 2,700. Timu iliyofilisika yafaa iweke akiba kwa pamoja ili wote wajihami raundi inayofuata. Anayenunua peke yake huwaponza wenzake.

Nne, tega sikio. Nyayo za adui husikika, na bomu hulipuka sekunde 40 baada ya kutegwa. Kulitegua huchukua sekunde 10, au tano kwa aliye na kifaa maalumu. Wajulishe wenzako kwa ufupi: adui yuko wapi, na ni wangapi. Kuwakaripia hakuleti ushindi.

Aidha, kasi ya mawasiliano ni muhimu. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na ujumbe ulichelewa sana. Hata leo, ni heri kucheza kwenye seva iliyo karibu na kuunganisha kompyuta kwa waya.

Hata hivyo, siri kubwa ni kutazama upya rekodi ya mechi uliyoshindwa. Kila ulipouawa, jiulize: nilisimama wapi? Nilijua nini? Mara nyingi utabaini kwamba adui hakukushinda kwa wepesi wa vidole, bali wewe ndiwe uliyejianika.

Mwisho, ukipoteza mechi mbili mfululizo, pumzika. Anayecheza kwa hasira, akiiba saa za masomo na usingizi, hupoteza alama na afya vilevile. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.