Toka Ulaya mpaka Babati: kilomita ni zile zile, masaa ndo yamebadilika

Juzi hapa kantini kulizuka ubishi: kutoka Amsterdam mpaka KIA ni masaa mangapi? Jibu fupi ni kwamba ni kama kilomita 6,900 angani, na ndege ya moja kwa moja inatumia saa nane na ushee. Ila sisi watu wa historia jibu hilo halitutoshi bwana.

Turudi mwaka 1932. Ndo mwaka ambao shirika la Kiingereza, Imperial Airways, lilianza kubeba abiria toka London mpaka Cape Town. Kwa Tanganyika ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya, yaani zilikuwa zinakatiza mashariki ya Babati yetu. Njia nzima ilikuwa karibu kilomita 13,000 na ratiba ilikuwa siku 11. Sasa piga hesabu, usiku na mchana: unapata wastani wa kilomita 50 hivi kwa saa!

Lakini ndege zilizopita kwetu, aina ya DH.66 Hercules, zilikuwa na uwezo wa kwenda karibu kilomita 180 kwa saa. Muda ulikuwa unapotelea wapi basi? Ardhini. Usiku hawakuruka, abiria walishuka wakalala. Kila baada ya masaa machache lazima kutua, kujaza mafuta. Na huko Ulaya, kutoka Paris mpaka Brindisi kusini mwa Italia, abiria wa ndege walipanda treni, ndipo wakavushwa bahari na ndege za kutua majini. Si mchezo.

Mwaka 1937 njia ikahamishiwa pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Moshi, Dodoma na Mbeya wakabaki pembeni. Kumbe kilomita hazibadiliki, ila anayepanga pa kutua ndiye anayeamua nani yuko karibu na nani yuko mbali.

Mei 1952 ikaja ndege ya jeti, Comet, London mpaka Johannesburg chini ya saa 24 kupitia Entebbe. Kasi hiyo ilikuwa na gharama yake, mwaka 1954 Comet zilisimamishwa baada ya kuanguka baharini na kuua watu. Sisi wa kaskazini tulisubiri mpaka 1971, KIA ilipofunguliwa.

Sasa njoo kwenye msiba, maana hapo ndipo masaa yanapouma. Ndugu aliyeko Uholanzi akipigiwa simu leo kuwa mzee amefariki, anaweza kuwahi mazishi. Mwaka 1932 hata barua ya kumpa taarifa ingemkuta kaburi limeshaota majani. Lakini akishatua KIA, bado ana kama kilomita 220 za barabara mpaka Babati, tuseme masaa manne. Gawanya mwenyewe: kilomita 55 kwa saa. Ni mwendo ule ule wa safari ya 1932, na hiyo ni juu ya lami! Enzi za vumbi na matope wazee wetu wanazijua.

Kwa hiyo mtu akikuuliza Ulaya ni mbali kiasi gani, usimtajie ndege tu. Muulize kwanza anaishia wapi akishatua.

Haya, tuonane wiki ijayo, mungu akipenda.