Safari ya Baiskeli Huanzia Mezani

Wasomaji wengi wa Jerome K. Jerome wanamjua kwa kitabu kimoja tu, kile cha wanaume watatu ndani ya mashua, kilichotoka mwaka 1889. Mwaka 1900 aliwarudisha watatu walewale, George, Harris na msimulizi mwenyewe, akawapandisha baiskeli na kuwapeleka Ujerumani. Kitabu kinaitwa Three Men on the Bummel. Wahakiki hukiona kama mdogo mtu wa kile cha kwanza, na kwa kweli kina sehemu zinazochosha, hasa mwandishi anapoanza kuwachambua Wajerumani kana kwamba ni somo la shule. Mimi nakipenda kwa sababu moja: kabla yeyote hajakanyaga pedali, kurasa nyingi zimeshakwisha kwa kupanga safari.

Na ni mipango ambayo ukiwahi kuwa kwenye kundi lolote la marafiki utaitambua mara moja. Kwanza wanafikiria kwenda na jahazi. Harris anapendekeza baiskeli. George hataki, kwa sababu ya milima na upepo wa mbele. Harris anamjibu kwamba kuna miteremko pia, na upepo wa nyuma. George anasema yeye binafsi hajawahi kuuona. Kisha lipo suala la wake zao, ambao wanawapa ruhusa wepesi kuliko waume walivyotaka, hadi inaumiza kidogo. Kisha baiskeli zenyewe: moja ya mtu mmoja na moja ya watu wawili, ile ambayo wa mbele ana hakika wa nyuma hafanyi kazi, na wa nyuma ana hakika hivyohivyo kuhusu wa mbele. Kuna na kisa cha Harris kumwangusha mkewe barabarani Uholanzi akaendelea na safari peke yake, akiongea naye, bila kujua kwamba kiti cha nyuma ni kitupu.

Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho Jerome hakisemi. Hawa watu hawabebi hema. Hawabebi sufuria. Wanachukua kwamba mwisho wa siku patakuwa na kitanda, supu, na mtu wa kuwaonyesha njia ya kesho. Mwaka 1900 hilo lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba halikuhitaji maelezo. Miaka thelathini nyuma yake lisingewezekana, na halikuja lenyewe. Lilitengenezwa na watu waliokaa mezani wakaandika orodha.

Turudi kidogo. Baiskeli ya miaka ya 1870 ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, mwendeshaji amekaa juu kama yuko darini. Ukikutana na jiwe kwenye mteremko, unatangulia wewe, kichwa kwanza, baiskeli inafuata. Barabara za mashambani Uingereza zilikuwa zimesahaulika, maana reli ilikuwa imechukua abiria wote. Nyumba za wageni zilizokuwa zikilisha wasafiri wa magari ya farasi zilibaki na mazizi matupu na vyumba vyenye harufu ya unyevu. Nani angeendesha siku nne mfululizo katika nchi ya namna hiyo, na wenzake sita, bila kujua atalala wapi?

Agosti 1878, mjini Harrogate, kijana aitwaye Stanley Cotterell alianzisha chama cha waendesha baiskeli wa matembezi, ambacho mwaka 1883 kilichukua jina la Cyclists' Touring Club. Hakikuwa chama cha mashindano. Kazi yake ilikuwa ya kikarani kabisa. Kilienda kwenye hoteli, moja baada ya nyingine, kikakubaliana bei za chakula na kitanda kwa wanachama, kisha hoteli ikatundika mlangoni alama ya gurudumu lenye mabawa. Katika kila mji kilitafuta mwanachama mkazi akubali kuwa "konseli", mtu wa kuulizwa: njia ipi haina tope, fundi yuko wapi, ule mlima unashukika au ushuke ukikokota? Juu ya miteremko mikali vikawekwa vibao vya kuonya, vikiwa miongoni mwa alama za mwanzo za barabarani nchini humo, na havikuwekwa na serikali. Kampuni ya ramani ya Bartholomew ilipotoa ramani zake zilizopakwa rangi kulingana na mwinuko wa ardhi, wanachama walipeleka masahihisho kutoka barabarani. Mtu akiwa nyumbani kwake London aliweza kuona kwa rangi tu siku ipi itamtoa jasho.

Waingereza wa darasa lile walipenda sana vyeo, kwa hiyo vilabu vya mwanzo vilikuwa na kapteni, na vingine vilikuwa na mpiga tarumbeta. Panda baiskeli: tarumbeta. Shuka: tarumbeta. Nikisoma habari zao nacheka, ila ndani ya mchezo ule wa kijeshi palikuwa na kanuni moja ya maana: hakuna kumpita kapteni. Kundi linakwenda mwendo wake, na kapteni mwenye akili huupima mwendo huo kwa aliye nyuma kabisa. Yeyote aliyewahi kuachwa kwenye kilima na wenzake "watakaomsubiri juu" anajua kwa nini kanuni hiyo ilihitajika. Ukifika juu unahema, wao wameshapumzika, wanaondoka.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wa kijiji cha Ripley, kusini-magharibi mwa London, walipona kweli. Kijiji kipo kwenye barabara ya zamani ya Portsmouth, umbali wa asubuhi moja kwa baiskeli. Nyumba ya wageni ya Anchor, chini ya akina dada wa familia ya Dibble, ikawa kama Makka ya waendesha baiskeli miaka ya 1880 na 1890. Hapo walikula, walisaini vitabu vya wageni, na wengine wakaendelea pwani siku iliyofuata. Mwaka 1885 ikatoka baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley, magurudumu mawili sawa na mnyororo nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akasajili tairi lake la upepo. Ghafla baiskeli haikuwa tena ya vijana wasiojali shingo zao. Kufikia mwaka 1899 chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 60,000.

Ni hapo hapo, kilomita chache tu kutoka Ripley, ndipo ile alama ya gurudumu lenye mabawa ilipojaribiwa.

Tarehe 27 Oktoba 1898, Lady Harberton alifika kwa baiskeli kwenye Hoteli ya Hautboy, kijijini Ockham. Hakuwa mtu wa mtaani; alikuwa mke wa bwana mkubwa, na kwa miaka mingi alikuwa ameongoza harakati za kudai wanawake wavae nguo zinazowaruhusu kutembea. Sketi ndefu ya enzi ile kwenye mnyororo wa baiskeli ilikuwa ajali inayosubiri siku yake. Yeye alivaa suruali pana inayofungwa chini ya magoti, na koti. Akaomba chakula cha mchana. Mwenye hoteli akamtazama, akasema na nguo hizo haingii chumba cha kulia cha wageni. Anaweza kula kule kwenye chumba cha baa, walikokaa wanaume na vinywaji vyao. Lady Harberton alikataa, akaondoka na njaa yake.

Hoteli ile ilikuwa kwenye orodha ya chama. Yaani mwanachama yeyote aliyekuwa mezani kwake akipanga safari ya Surrey aliiona imeandikwa pale: hapa utapokelewa. Chama kikaona kwamba orodha yake haina maana kama mlango unaangalia umevaa nini, kikaipeleka kesi mahakamani. Aprili 1899, huko Kingston, baraza la wazee wa mahakama lilimwona mwenye hoteli hana hatia. Hoja ilikuwa rahisi: hakumnyima chakula, alimpa chumba kingine.

Mimi huiona ile kama hukumu ya werevu mbaya. Chumba kingine! Kila aliyewahi kuambiwa azunguke mlango wa nyuma anaijua lugha hiyo. Hata hivyo, nawaheshimu makarani wale. Chama cha matembezi, kazi yake ramani na bei za chai, kiliamua kuishtaki hoteli iliyobeba alama yake kwa sababu ya sahani moja ya mchana ya mwanachama mmoja. Wakashindwa, lakini kila mtu akajua kwamba kwa wanawake orodha ya hoteli ilihitaji safu nyingine ambayo haikuchapishwa: wanakuingiza kwa mlango upi.

Upande wa pili wa Atlantiki safu hiyo iliandikwa waziwazi. League of American Wheelmen, iliyoanzishwa Newport mwaka 1880, ilifanya Marekani kazi ileile: ramani, hoteli, kampeni kubwa ya kudai barabara nzuri. Mwaka 1894, kwenye mkutano wake wa Louisville, Kentucky, ilipiga kura kwamba mwanachama lazima awe mzungu. Kanuni hiyo haikukanwa rasmi hadi 1999.

Sasa weka hilo kando ya jambo hili. Juni 14, 1897, miaka mitatu baada ya kura ile, wanajeshi weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha Jeshi la Miguu waliondoka Fort Missoula, Montana, kwa baiskeli kwenda St. Louis, maili 1,900, zaidi ya kilomita 3,000. Waliongozwa na Luteni James A. Moss, mzungu aliyemaliza wa mwisho darasani kwake West Point, pamoja na daktari na mwandishi wa gazeti. Haya hayakuwa matembezi, ni amri ya jeshi lililotaka kujua kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Ila ukitazama mpango wa Moss unaona swali lilelile la wale watatu wa Jerome, tutakula nini na tutalala wapi, likijibiwa na watu ambao hawana orodha ya hoteli. Kila mmoja alibeba blanketi lake na nusu ya hema. Wawili wakikutana wana hema zima. Chakula kilitangulizwa vituoni, takriban kila maili 100. Njia ilifuata reli, na matope yalipozidi walipita juu ya mataruma, gurudumu likigonga mbao moja baada ya nyingine. Katika vilima vya mchanga vya Nebraska maji mabaya yaliwaangusha wengi. Walifika St. Louis Julai 24, siku ya 41, watu wakajaa kuwatazama. Wakarudishwa kwa treni.

Miongoni mwao alikuwa Sajenti Mingo Sanders. Mwaka 1906 yeye na wenzake zaidi ya 160 wa kikosi hicho walifukuzwa jeshini bila kesi, kwa amri ya Rais Theodore Roosevelt, kwa tuhuma za risasi zilizopigwa Brownsville, Texas. Sanders alikuwa karibu na pensheni. Jeshi lilifuta amri ile mwaka 1972, yeye akiwa kaburini.

Kwetu baiskeli ilikuja kama chombo cha kazi, na bado ni hivyo. Ni ya mkaa, ya madumu ya maziwa, ya mkungu wa ndizi uliofungwa kwenye keria kwa mpira. Waambie watu unakwenda Dar hadi Bagamoyo kwa baiskeli, siku mbili, kwa starehe tu, watakuuliza gari limeharibika lini. Nimeshapanga safari ndogo za aina hiyo na marafiki. Pampu, viraka vya pancha na spana ni mambo ya nusu saa. Mazungumzo marefu huwa ya dada wawili tulio nao: gesti ipi ina mlango unaofungika kwa ndani, kijiji kipi watazomewa kwa ajili ya kaptula. Hizo taarifa hazipo kwenye ramani ya simu. Zinapatikana kwa kumpigia mtu anayeishi pale. Konseli, kama unavyoona, hajafa.

Waingereza wenyewe iliwachukua muda kukumbuka wasio na hela. Hoteli za gurudumu lenye mabawa zilikuwa za makarani na mabwana. Vijana wa viwandani walikuwa na sikukuu chache za kisheria tangu 1871 na Jumapili zao, basi. Mwaka 1894 vijana sita wa Birmingham, wasomaji wa gazeti la kijamaa la The Clarion lake Robert Blatchford, walianzisha klabu ya baiskeli yenye jina la gazeti hilo. Pasaka iliyofuata vilabu vya namna hiyo vilikutana Ashbourne, Derbyshire. Walikuwa wakiendesha mashambani na vipeperushi kwenye mabegi, wakihubiri ujamaa vijijini kisha wakitafuta chai. Kwa kuwa chai ya hotelini ilikuwa ghali, wakaanza kujijengea nyumba zao. Mwaka 1930 kikaja chama cha hosteli za vijana, kilichoiga wazo la mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann: kitanda kwa shilingi moja, na mwenye gari hapokelewi. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa 1938.

Nyumba moja ya Clarion, karibu na kijiji cha Roughlee, Lancashire, iliyojengwa mwaka 1912, bado ipo. Hufunguliwa Jumapili, chai wanaimimina kwenye vikombe vikubwa, na baiskeli huegeshwa nje kwenye nyasi.