Treni ya Butere
Ikifika tarehe 20 Desemba, nauli ya kwenda Butere hupanda karibu mara mbili na hakuna anayeshangaa. Watu wananung'unika, wanalipa. Si ni Krismasi, lazima ushago? Nilidhani hii ni mila ya tangu na tangu, hadi Agosti, nilipoenda nyumbani kwa mazishi na kukhu akanifungulia sanduku la bati la marehemu kuka.

Kuka alikuja Nairobi miaka ya hamsini. Alilala chumba kimoja Eastlands na wanaume wengine watatu. Mke na watoto wangelala wapi? Jiji lilipangwa hivyo makusudi. Wakoloni walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka wa 1901, baadaye ikaja kodi ya kichwa, na pesa za kuilipa zilipatikana kwa mzungu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kikaongezwa kipande: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi yake, ndani ya kibweta cha chuma shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mjini ulikuwa mkono wa kazi tu. Familia ilibaki ikilima chakula ambacho mshahara haukutosha kununua, na ukipewa likizo ndipo unapanda treni kwenda kuwaona watoto wako mwenyewe.

Huwezi kwenda mikono mitupu, lakini. Sandukuni nilikuta orodha ya penseli: sukari, chumvi, blanketi 1, leso. Kukhu anasema honi ikilia watoto walikimbia stesheni, wakahesabu mizigo kabla ya kumtazama baba yao usoni.

"Mwaka mmoja alikuja bila kitu," akaniambia. "Alishukia stesheni ya nyuma, akangoja giza liingie ndio atembee."

Hapo nilinyamaza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naandika makala kwa malipo ya kuhesabika, na Desemba mbili mfululizo nimempigia mathe simu nikidanganya ati kazi ni nyingi. Kukhu hakuniuliza chochote. Alikunja ile karatasi, akairudisha sandukuni.

Juzi nimelipa nauli, hiyo hiyo ya mara mbili. Kwa begi niko na sukari kilo mbili na leso moja. Basi linatoka asubuhi, nitafika kukiwa bado na mwangaza.